Sumukuvu: Mahindi yapimwe kabla hayajawa unga

KILA mara Serikali inapotangaza kwamba aina fulani ya unga imekutwa na sumu na iondolewe madukani, anayeumia kwanza si yule aliyeleta mahindi yenye sumu. Ni mwenye duka aliyenunua mzigo kwa fedha taslimu, akifuatiwa na msagaji ambaye amekwisha lipia umeme, mifuko, vibarua na usafiri.

Wakati huo mkulima amekwisha lipwa. Dalali amekwisha chukua chake na mwenye lori amekwisha geuza. Mlaji naye amekwisha kula sehemu ya mzigo huo, maana unga wa mahindi ni bidhaa isiyokaa dukani.

Hapo ndipo lilipo tatizo la upimaji wa vyakula vya viwandani katika Afrika Mashariki. Sheria zipo, viwango vipo na maabara zipo. Lakini kipimo kinachotikisa soko ni kile cha mwisho kabisa, kinachofanywa kwa pakiti iliyotolewa kwenye rafu ya duka, wakati fedha zote zimekwisha tumika na hakuna wa kumrudishia mzigo.

Mfano wa karibu ni wa Kenya. Mwezi Novemba 2019, Shirika la Viwango la nchi hiyo (KEBS) lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi baada ya vipimo kuonyesha kuwa zilikuwa na sumukuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Januari 2020 shirika hilo likasimamisha aina nyingine 17. Kwa hiyo katika muda usiofika miezi mitatu, aina 22 za unga zilitakiwa kutoka sokoni, na miongoni mwake yalikuwamo majina makubwa yanayojulikana kila mtaa.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Hakuna mfanyabiashara mwenye haki ya kuuza sumu kwa kisingizio cha kuokoa mtaji. Swali ambalo soko halikupata jibu lake ni jingine: mahindi yale yalipitaje sokoni, ghalani na mlangoni mwa kiwanda hadi yakasagwa, bila mtu yeyote kuyakataa?

GRAMU MOJA YA TATU

Sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na mazao mengine. Huanza shambani, hasa zao linapopigwa na ukame, na huongezeka ghalani mazao yanapohifadhiwa kabla hayajakauka vizuri. Ilikuja kutambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula kilichochanganywa na mashudu ya karanga.

Sumu hiyo haionekani kwa macho na haina harufu. Kupika ugali hakuiondoi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kiungo kinachoshambuliwa zaidi ni ini.

Ikizidi sana huua haraka. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Tanzania: watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 walipoteza maisha.

Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamekula mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe, wala si unga wa kiwandani. Lakini ghala la mkulima na soko havitenganishwi na ukuta. Wachunguzi walipopima bidhaa 350 za mahindi kutoka katika masoko ya maeneo yaliyokumbwa na maafa ya mwaka 2004 nchini Kenya, asilimia 55 zilizidi sehemu 20 kwa bilioni, ambacho ndicho kilikuwa kiwango cha mwisho nchini humo wakati huo.

Leo kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla ya aina zote za sumukuvu, na sehemu tano kwa aina ya B1 iliyo kali zaidi. Mfanyabiashara anayetaka kuelewa maana yake afanye hesabu hii. Sehemu 10 kwa bilioni ni gramu 10 katika tani 1,000. Katika lori la tani 30 ni karibu thuluthi moja tu ya gramu.

Kwa maneno mengine, mzigo wa lori zima unaweza kukataliwa kwa sababu ya kitu ambacho ukikikusanya mahali pamoja hakijai ncha ya kijiko. Hakuna dalali, hata mwenye uzoefu wa miaka 30, anayeweza kukiona kwa kumimina mahindi kiganjani na kuyapuliza.

BAMBO MOJA HALITOSHI

Kuna jambo la pili ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui, nalo ndilo chanzo cha malalamiko kwamba maabara mbili zimetoa majibu tofauti kwa mzigo mmoja. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi huku maelfu ya punje zinazozizunguka zikiwa safi. Gunia la juu linaweza kuwa zuri na la chini yake likawa baya.

Ndiyo maana mkaguzi anayechoma bambo kwenye magunia mawili ya mlangoni na kuandika cheti hajapima mzigo. Amepima magunia mawili. Utaratibu unaokubalika ni kuchukua mahindi kidogo kidogo kutoka magunia mengi, yaliyo juu, katikati na chini, kuyachanganya, kuyasaga, na ndipo kuchukua kiasi cha kupima. Kosa kubwa katika upimaji wa sumukuvu hutokea hapa, kwenye sampuli, kuliko kwenye mashine ya maabara.

Kwa unga hali ni nafuu kidogo, maana kinu kimekwisha changanya. Pakiti inasema ukweli wa karibu zaidi kuhusu unga uliosagwa pamoja nayo. Lakini haisemi chochote kuhusu unga uliosagwa wiki iliyofuata kutokana na mahindi ya mkoa mwingine. Kwa sababu hiyo tangazo linalotaja jina la unga bila kutaja namba ya toleo linamwadhibu msagaji kwa mahindi ambayo pengine hajayanunua bado, na linamtisha mlaji asijue ni pakiti ipi arudishe.

BEI MOJA KWA MAHINDI MAWILI

Hasara ya duka na kiwanda ni sehemu tu ya tatizo. Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye bei.

Leo mkulima aliyenunua turubai, akaanika mahindi yake hadi unyevu ukashuka chini ya asilimia 13.5 ambayo ni kikomo cha kiwango cha Afrika Mashariki, akachambua punje mbovu na kuyaweka juu ya chaga, anafika sokoni na kukutana na jirani yake aliyeanika chini kwenye vumbi na kufunga magunia kabla ya jua kutosha. Wote wawili wanapewa bei ile ile. Pengine yule wa pili anapata zaidi, kwa sababu mahindi yenye maji yana uzito.

Soko linalolipa bei moja kwa bidhaa mbili tofauti linawafundisha watu kuleta ile mbaya. Semina za kilimo bora haziwezi kushindana na somo hilo, maana mizani hutoa fundisho lake kila siku ya mnada.

Kipimo kikiwekwa mwanzoni, hali inageuka. Mnunuzi anayejua kwamba mzigo una sehemu nne kwa bilioni ana sababu ya kuongeza shilingi kadhaa kwa kilo, kwa kuwa anajiepusha na hasara ya kurudishiwa unga. Mkulima naye akiona shilingi hizo anapata sababu ya kununua turubai.

SOMO LA NAMANGA

Wanaodhani kwamba suala hili ni la maofisa wa afya peke yao wakumbuke mwezi Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi yote kutoka Tanzania na Uganda, ikisema vipimo vilikuwa vikionyesha sumukuvu kupita kiwango. Malori yalikwama Namanga. Madereva walilala mpakani na wenye mizigo wakabaki wakipiga simu.

Baada ya siku tano tu amri ikalegezwa, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na hati inayoonyesha ulikotoka, na uwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 malori ya nafaka na unga kutoka Uganda nayo yalizuiwa Sudan Kusini kwa sababu hiyo hiyo.

Yapo maneno kwamba hatua za namna hii huwa na siasa za biashara ndani yake. Hata kama ni kweli, njia ya kuzijibu ni ile ile. Mfanyabiashara mwenye cheti cha maabara inayoaminika ana la kumwambia ofisa wa mpakani. Asiye nacho hubaki kulalamika, na malalamiko hayafungui geti.

ZIWA VICTORIA LILITANGULIA

Kanda hii imewahi kupita njia hiyo. Mwaka 1999 zilienea taarifa kwamba baadhi ya wavuvi wa Ziwa Victoria walikuwa wakiua samaki kwa viuatilifu vya mashambani. Uganda yenyewe ilisimamisha usafirishaji wake mwezi Machi, na Aprili Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa ziwa hilo kutoka nchi zote tatu.

Marufuku yale hayakuchagua. Kiwanda cha minofu kilichokuwa safi kilifungiwa sawa na kingine, na mvuvi aliyetumia nyavu halali aliuza sangara wake kwa bei ya kutupa sawa na aliyetumia sumu. Kilichokosekana ni nchi kuwa na utaratibu wa kupima mabaki ya viuatilifu kwenye samaki, maji na tope la ziwa, na kuwa na chombo kimoja chenye mamlaka ya kuthibitisha majibu hayo mbele ya mnunuzi.

Nchi hizo zilijenga utaratibu huo, kila moja kwa kasi yake, na milango ikafunguliwa tena. Tangu hapo sampuli huanzia ziwani na kwenye mialo, kabla minofu haijafungwa kwenye maboksi. Mlaji wa Ulaya alilindwa kwa namna hiyo kwa sababu mnunuzi wa Ulaya alidai. Mlaji wa Manzese, Kibera na Kisenyi anastahili ulinzi huo huo kwa unga anaokula kila siku, ingawa hana balozi wa kumsemea.

WANAOSEMA NI GHARAMA

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni gharama. Msagaji mwenye kinu kimoja, wanasema, hawezi kujenga maabara. Ni kweli, wala hatakiwi kujenga. Siku hizi vipo vipimo vya ukanda vinavyotoa jibu kwa dakika chache palepale ghalani. Kazi yake ni kuchuja: mzigo unaoonyesha wasiwasi ndio upelekwe maabara kubwa kwa uhakika zaidi.

Mahali pa kuweka vipimo hivyo ni kwenye masoko makubwa ya nafaka kama Kibaigwa mkoani Dodoma, ambako maelfu ya magunia hupita mahali pamoja na ambako ushuru wa mazao unakusanywa tayari. Halmashauri inayotoza ushuru kwa kila gunia haiwezi kusema haina fedha ya kupima hata sehemu ndogo ya magunia hayo. Mfanyabiashara anayelipa ushuru anapaswa kupata kitu zaidi ya risiti.

Hoja ya pili ni kwamba wenye viwanda vidogo watafukuzwa sokoni na wakubwa wenye maghala ya kisasa. Hofu hii ina msingi. Lakini utaratibu wa sasa ndio unaowamaliza, kwa sababu tajiri anaweza kurudisha mzigo wa wiki nzima na kuendelea, wakati mdogo akirudishiwa tani tano tu amefunga. Msagaji mdogo anayenunua mahindi yaliyokwisha pimwa anaingia sokoni akiwa sawa na mkubwa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: mahindi yaliyokataliwa yataenda wapi? Yakirudishwa mikononi mwa mwenye mali bila utaratibu, jioni yatakuwa kwenye soko jingine au kwenye mashine ya mtaani ambako hakuna mkaguzi. Yakigeuzwa chakula cha mifugo bila kuangaliwa, sumu itarudi kwa njia ya maziwa, na maziwa ni chakula cha watoto.

Kwa hiyo upimaji bila mpango wa mahindi yaliyokataliwa ni nusu ya kazi. Baadhi ya mizigo inaweza kuokolewa kwa kuchambua punje mbovu na kukoboa, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Lakini hapo pumba nazo zinakuwa na sumu zaidi na lazima zidhibitiwe. Mizigo isiyookoleka iharibiwe mbele ya mashahidi, na Serikali ieleze wazi mwenye mali anasaidiwaje. Bila hivyo kila mtu atakuwa na sababu ya kuficha.

MWENYE HISA AULIZE

Jambo hili linawahusu pia wale walioweka akiba zao katika hisa za kampuni za vyakula, au wanaokopeshana mtaji wa kufungua kiwanda cha unga wa lishe. Vitabu vya hesabu huonyesha mauzo na faida. Havionyeshi kama mlango wa ghala una kipimo.

Mwaka 2008 China ilikumbwa na kashfa ya maziwa yaliyotiwa melamini, kemikali inayotumika kutengenezea plastiki. Iliongezwa ili maziwa yaliyochanganywa na maji yaonekane kuwa na protini nyingi. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita walikufa. Kampuni ya Sanlu, iliyokuwa miongoni mwa kubwa nchini humo, ilifilisika kabla mwaka haujaisha. Ushirika wa wafugaji wa New Zealand uitwao Fonterra, uliokuwa na asilimia 43 ya hisa za Sanlu, ulipoteza uwekezaji wake.

Maziwa yale yalikuwa yakipimwa. Lakini kipimo kilikuwa cha protini, nacho kilidanganywa na kemikali ile ile. Somo kwa mwenye hisa mdogo ni kwamba kusikia neno "tunapima" hakutoshi. Aulize kinachopimwa ni nini, kinapimwa wapi, na mzigo ukishindwa unakwenda wapi. Kampuni isiyoweza kujibu maswali hayo kwenye mkutano mkuu inaendesha biashara yake kwa bahati.

NANI AFANYE NINI

Nchini Tanzania kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Hivyo viwango na ukaguzi wa chakula viko chini ya paa moja, na lawama haziwezi kurushiwa ofisi ya jirani. TBS iendelee kuchukua pakiti madukani bila taarifa, kwa sababu bila mkaguzi wa rafu hata wenye nia njema hulegea. Lakini majibu yatangazwe yakiwa na namba ya toleo na tarehe ya kusagwa, na yatangazwe pia majina ya waliofaulu, ili aliyegharamia usafi apate wateja.

Halmashauri zenye masoko ya nafaka ziweke kipimo cha unyevu na cha sumukuvu pale pale penye mizani. Vyama vya wasagaji vinunue vipimo kwa pamoja na kugawana gharama kwa gunia. Mabenki yanayokopesha dhidi ya nafaka ghalani yadai cheti kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa dhamana yenye sumu si dhamana.

Mwenye duka naye ana la kufanya bila kusubiri waraka wowote. Atunze risiti za kila mzigo, aandike namba za toleo, na akubaliane na msambazaji kwa maandishi nani anabeba hasara mzigo ukirudishwa. Msambazaji anayekataa kuandika anajua kitu ambacho mwenye duka hajaambiwa.

Mahindi mapya yanapoanza kushuka, bei huwa ya kuvutia na unyevu huwa juu. Huo ndio msimu wa kununua kwa pupa, na ndio msimu ambao sumu ya miezi ijayo hufungwa ndani ya magunia. Mnunuzi atakayetumia dakika chache kupima wakati huo atakuwa amelipa gharama ndogo kuliko zote katika safari ya gunia hilo hadi mezani.